Fundo la Mzee Wepukhulu

Haya yalimpata Phelista, binti wa shangazi yangu. Kama humjui Phelista, jua hili moja tu: ukimwambia "ndivyo ilivyo," atakuuliza "nani kasema?" Chuoni ndiye aliyekuwa akiongoza timu ya mdahalo, na nimewahi kumwona akimkalisha chini mhadhiri mzima mbele ya watu. Si msichana wa kuota mizimu mchana.

Na ulikuwa mchana. Jumamosi ya Juni, kando ya bwawa moja eneo la Kwanza, karibu na Kitale, katikati ya mahindi yaliyokuwa yamefika magotini. Pikapu ilifika asubuhi na kayaki tisa mgongoni, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki, vya njano na vya rangi ya chungwa, vimefungwa pamoja kama miwa ya sokoni. Chama cha uvuvi cha Kitale kilikuwa kimekuja mazoezi. Thamosi zikafunguliwa. Mtu alileta viazi vitamu vya kuchemsha, mwanachama mmoja aliye pasta akaviombea kwa haraka kwa sababu vilikuwa vinapoa.

"Wewe Chepkemoi, umekuja kuvua samaki ama kuvua picha?"

"Kwanza picha, bana. Samaki si atakuja tu?"

Wakacheka. Chepkemoi ana saluni mjini Kitale, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza chamani. Mtu mwembamba kama mwiko.

Phelista hakucheka. Chama hiki hufanya mazoezi bwawani, halafu mara moja kwa mwaka husafiri hadi Kilifi kuvua baharini. Desemba iliyopita waliondoka tisa. Wakarudi wanane. Wa tisa alikuwa Wepukhulu, baba yake Phelista, mchuuzi wa ndama katika soko la Chwele. Kayaki yake ilikutwa inaelea kifudifudi. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Mwenyekiti, Mzee Kimutai, aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. "Marehemu alikaidi maagizo ya usalama akavua jaketi lake la kuelea. Jaketi limechukuliwa na bahari." Basi. Kazi imekwisha.

Kule Chwele ukoo ulifanya kinachofanywa mwili unapokosekana. Walikata mgomba, wakauvika koti la Wepukhulu la kanisani, wakauzika. Lakini shangazi yangu Wilkista hakukubali kufarijiwa. "Huo mgomba umevaa nguo isiyo yake," alisema. "Baba Phelista aliingia majini na jaketi. Mtu wa maji hatulii mpaka ile nguo aliyoondoka nayo irudi nyumbani. Ataifuata."

Hayo Phelista hakuyaamini. Kilichomtoa Bungoma asubuhi ile ni lile neno, alikaidi. Mtu amekufa, hawezi kujitetea, na aliyerudi nyumbani kula krismasi ndiye anamwita mkaidi! Alitaka kitu kimoja: Kimutai asimame mbele ya wanachama na alifute.

"Mzee, kuna yeyote aliyemwona baba akivua jaketi?"

Kimutai alikuwa akikagua makasia. Hakuinua kichwa. "Msichana wangu, mambo ya debate wacha huko campus. Hapa ni maji."

"Nimeuliza kwa heshima. Na jaketi lenyewe, hukuliona tena?"

"Sikuliona. Bahari ni kubwa."

Phelista akageuka kwa hasira, na ndipo akaliona.

Chepkemoi alikuwa amelivaa. Begani lilikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa uzi wa sufu wa kijani. Sufu ya sweta yake Phelista ya shule ya msingi; mama aliifumua akashonea jaketi la baba, akisema baharini hakuna mtu wa kuangalia mitindo. Juu ya kifua kulikuwa na rangi mpya nyeupe: 9.

"Hilo jaketi umepewa na nani?"

"Na Mzee. Si yote yanatoka stoo?" Chepkemoi alilivuta ukosi. "Lakini hili limelowa, na linanuka samaki. Na vifungo vyote vitatu vilikuwa vimefungwa kaa jiwe, nimevunja kucha nikivifungua."

Majaketi mengine yote yalikuwa makavu.

Kabla Phelista hajafungua mdomo, Kimutai alipuliza filimbi na watu wakaanza kusukuma kayaki majini. Chepkemoi akaenda, kasia juu, anachekelea simu yake. Phelista akanyakua jaketi la mwisho, namba nne, la mwanachama ambaye hakuja siku hiyo, akamfuata. Baba yake alimfundisha kupiga kasia kwenye bwawa hilohilo.

Alipoketi, jaketi lilimpanda hadi masikioni. Lilikuwa kubwa mno. Yote yalikuwa makubwa, saizi moja kwa watu wote. Akapapasa nyuma, akitafuta ule mkanda unaopita katikati ya miguu ili jaketi lisipande. Haukuwepo. Vilikuwepo visiki viwili tu, kimoja mbele, kimoja nyuma. Vimekatwa kwa kisu.

Hapo akaelewa. Anayevua jaketi hufungua vifungo. Vya baba vilikuwa vimefungwa. Hakulivua. Maji yalilisukuma juu, likapita kidevu, likapita kichwa, likamwacha. Na sasa lilikuwa limemvaa Chepkemoi.

Akapiga kasia kwa nguvu. Alipomfikia karibu na katikati ya bwawa, ukungu ulikuwa umeteremka kutoka Mlima Elgon. Ufuo ukapotea. Mahindi yakapotea. Zilibaki sauti za maji zikilamba plastiki.

"Hesabu!" Kimutai akaita kutoka mahali fulani. Ni desturi yao: kila jaketi lina filimbi yake, na kukiwa na ukungu, namba yako ikiitwa, unapuliza. Moja ni yake mwenyewe.

"Mbili!" Filimbi.

"Tatu!" Filimbi.

"Nne!" Phelista akapuliza.

Hivyo hivyo hadi tisa. Chepkemoi, ubavuni pake, akapuliza huku akitabasamu.

Hesabu ilikuwa imetimia.

Halafu filimbi nyingine ikalia.

Ilitoka pale pasipokuwa na mtu. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa na maji ndani yake, kama ya mtu anayepuliza mdomo umejaa.

"Nani anacheza?" Sauti ya Kimutai ilikuwa imepanda. "Tisa ameshajibu!"

Ikalia tena. Karibu zaidi.

Pasta alianza kuomba, safari hii polepole.

"Phelista," Chepkemoi akanong'ona. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Kuna mtu anavuta hii jaketi."

"Wapi?"

"Chini."

Kayaki yake ikapinduka. Hakupiga kelele. Hakupata nafasi. Mikono yake ilitokeza juu ya maji, na Phelista, hatua mbili kutoka pale, aliliona jaketi likipanda. Likafika kidevuni. Likaziba mdomo. Likaziba pua. Vifungo vyote vimefungwa.

Kisha likasimama.

Likaanza kushuka. Taratibu. Kama mzazi anayemvalisha mtoto sweta, anavuta upande huu, anavuta upande ule, mpaka likae sawa. Ndani ya maji ya udongo kitu cheupe kilikuwa kikihangaika kiunoni mwa Chepkemoi. Kilikuwa na viungo. Kilikuwa na haraka ya mtu anayefunga mzigo kabla gari halijaondoka.

Kikaacha. Chepkemoi akaibuka kama kizibo, akikohoa.

Phelista alimnyooshea kasia. Namna walivyofika ufuoni hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba hakutazama nyuma, na kwamba ile filimbi haikulia tena.

Wakamlaza Chepkemoi kwenye nyasi na kujaribu kumvua jaketi. Vifungo vilifunguka, jaketi halikutoka. Lilikuwa limeshikwa chini. Mwanachama mmoja, mwenye duka la mbegu, akasogea kuangalia, akarudi nyuma ghafla.

Katikati ya miguu ya Chepkemoi ulipita uzi wa nailoni wa kuvulia, umekunjwa mara nne, umeunganisha kile kisiki cha mbele na cha nyuma.

"Nani alikufunga?" pasta akauliza.

"Hakuna." Meno yake yaligongana. "Si nilivaa mbele yenu?"

Phelista akapiga magoti. Mizunguko miwili, mkia umerudishwa ndani, ncha imeunguzwa kwa kiberiti ili isifumuke. Fundo la kufungia ndama kwenye pikapu. Wachuuzi wengine wa Chwele walimcheka baba yake kwa sababu ya fundo hilo, wakasema anafunga ndama kama anafunga bibi harusi. Ndilo fundo ambalo baba alimfungia Phelista sanduku la shule, kila muhula, miaka minne.

Uzi ulikuwa na ukoga mweupe. Akaugusa kwa kidole, akakipeleka ulimini.

Chumvi.

Bwawa lile linajazwa na mvua ya mlima.

Kimutai alikuwa ameketi kwenye tope, kofia mkononi. Phelista alikuwa amekuja na hoja saba, amezipanga. Haikubaki hata moja.

"Sema, Mzee," akanong'ona.

"Alikuwa amevaa."

"Na mikanda?"

"Nilikata mimi. Zote. Watu walilalamika ati inawabana mapaja. Jaketi nililipata ufuoni kesho yake. Limefungwa. Nikajua nimeua mtu. Nikalificha chini ya kiti ya gari. Halafu nikaona... jaketi haina kosa, nikapaka namba."

Kumbe kweli, jaketi halikuwa na kosa.

Jumapili, jua likiwa utosini, jaketi namba tisa lilizikwa Chwele kando ya ule mgomba. Kimutai alisimama mbele ya ukoo akasoma ripoti mpya. Neno lile halikuwemo. Shangazi Wilkista alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Asante. Sasa kaa mbali na maji, baba." Usiku huo alilala usingizi wake wa kwanza tangu Desemba. Na mimi, kusema kweli, nilidhani yameishia hapo.

Jumatano walikwenda watatu stoo ya chama, Kitale, kuyachoma majaketi yaliyobaki. Kimutai, Chepkemoi na Phelista. Stoo ina mlango mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Kimutai huuning'iniza shingoni. Tangu Jumamosi hakuuvua hata akioga. Aliapa hivyo, na Phelista alimwamini, maana ngozi pale kwenye kamba ilikuwa imechubuka.

Wakafungua. Majaketi manane yalikuwa kwenye misumari, vile walivyoyaacha. Saba kati yake yalikuwa na mikanda mipya. Uzi wa nailoni, mkunjo wa mara nne, kutoka kisiki hadi kisiki. Fundo lilelile. Jaketi la pasta. La mwenye duka la mbegu. Namba nne la Phelista. Yote saba yalikuwa salama sasa, mtu yeyote angeweza kuyavaa baharini.

La nane lilikuwa namba moja. La Kimutai.

Chini hapakuwa na uzi. Visiki viwili vilining'inia wazi.

Uzi ulikuwa juu, kwenye ukosi. Ulikuwa kitanzi, umekazwa kufikia upana wa shingo ya mtu mzima, wala hauzidi.

Kimutai akaushika ufunguo wake kwa mikono miwili. Phelista akanyoosha kidole, akagusa ncha ya fundo, pale palipounguzwa.

Ilikuwa bado ya moto.