Chanjo ya Jairos

"Jairos, weka ile sindano chini!"

Clémentine alikuja mbio, akikanyaga dagaa, chisense za wenzake zilizoanikwa mchangani. Wanawake wakamtukana. Hakuwasikia. Mume wake alikaa ukingoni mwa mtumbwi wa Sébastien, mkono wa shati umekunjwa.

"Usiogope, mama," Jairos alisema, akicheka. "Si nimechanjwa? Leo nitawaonyesha kama morfini hainiwezi tena."

Sébastien, aliyekuwa akivusha vichupa vya morfini ziwani kutoka Kilwa, akapiga makofi.

"Shemeji ni simba! Mutu mwenye kuchanjwa surua anaogopa surua? Piga tu. Ya leo ni zawadi."

Mwaka uliopita kiboko alimvunja Jairos paja. Hospitalini walimtuliza kwa morfini. Mfupa ukaunga, lakini mwili ukabaki unaidai. Zilikwenda nyavu, ikaenda na cherehani ya mke wake. Mwishowe daktari muzungu wa misheni akamwambia Clémentine kwamba kule Amerika walijaribu kumchanja nyani, damu yake ikajifunza kuikamata dawa kabla haijafika kichwani.

"Lakini kwa batu bado, mama," alisema. "Labda watoto wetu wataiona."

Clémentine hakuwa na muda wa kungoja watoto. Bwembya, muuguzi wa afya, alipofika kuchanja batu wa ufukweni, alimsukuma mume wake kwenye mstari: "Njo hii, chanjo ya morfini." Siku kumi na moja Jairos alitapika, akauma mkeka, akisema chanjo inapigana ndani. Siku ya kumi na mbili aliomba ugali.

Sasa Clémentine aliitazama sindano.

"Umetia ngapi?"

"Kama zamani. Yote."

Akasogea karibu. Daktari alikuwa amemwonya: aliyeacha, akirudia kipimo cha zamani, haamki.

"Jairos, ile haikuwa chanjo ya morfini."

Kicheko kikakatika.

"Unasema nini?"

"Ilikuwa ya kolera. Uliza Bwembya. Hata miye nilipigwa, hata mama yako. Nilikudanganya."

"Uliapa kwa rozari ya marehemu mama yako!"

"Niliapa. Mungu ataniuliza, nitamujibu. Lakini ukipiga ile, unakufa hapa hapa."

"Ona, shemeji!" Sébastien akadakia. "Muke gani anadanganya hata na rozari?"

"Weye nyamaza! Unataka kuzika mutu kwa zawadi?"

Jairos hakumsikiliza yeyote. Jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Ninaitaka," alinong'ona. "Tangu umesema tu, ninaitaka. Clémentine, juu ya nini umenivua mbele ya batu?"

"Afadhali uchi kuliko sanda."

Jairos alifumba macho.

"Basi ichukue. Miye siwezi kuiachilia. Hata ukivunja vidole."

Clémentine alimfungua kidole kimoja kimoja. Cha mwisho alikiuma. Dawa ikamwagika mchangani, na Sébastien akasukuma mtumbwi wake majini akilaani.

Wakashika njia ya misheni. Clémentine alimshika mkanda wa suruali kama ng'ombe wa mnada.

"Usinidanganye tena," Jairos alisema, meno yakigongana.

"Sitakudanganya. Na weye?"

"Miye nitakudanganya. Kesho nitasema nimepona, nitaapa, nitalia. Usiniamini."

"Ndiyo, bwana yangu," alijibu, akaukaza mkanda.