Saa ya Mizani ya Malaba

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1997, saa moja na dakika kumi asubuhi, mlinzi Emukule alisukuma mlango wa ofisi ya mizani ya malori, Malaba, akarudi nyuma akipiga yowe. Karani Josiah alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, kichwa kimepasuliwa kwa chuma cha kufungulia magurudumu. Mezani, kompyuta ilikuwa inawaka.

Risiti ya mwisho iliyotoka kwenye mashine ile ilikuwa ya lori la dereva Ekisa, na ilionyesha saa kumi na mbili na nusu jioni ya Jumatatu. Saa hiyo wafanyakazi wote walikuwa wameshatoka. Basi Ekisa akavutwa kutoka kwenye foleni ya mpakani, akatupwa nyuma ya Land Rover ya polisi, na umati ukaizingira ukiuliza petroli iko wapi wamchome.

Apolot, dada yake Ekisa, ndiye aliyetunza kompyuta za yadi ya malori. Alikuja mbio. 

"Mama, gari inaondoka kwenda Busia saa sita," Inspekta Onyuka alimwambia. "Nikifika huko naandika mauaji. Mwisho wake unaujua, ni kamba."

"Mimi nilipima saa kumi na moja na nusu!" Ekisa alilia kutoka ndani ya gari. "Josiah nilimwacha mzima!"

"Mlibishana juu ya uzito wa mzigo?"

"Tulibishana, afande. Nani habishani mizanini?"

"Risiti haikubaliani na wewe."

Onyuka akamgeukia Emukule. "Mara ya mwisho ulimwona Josiah lini?"

"Kumi na mbili kasorobo, boss. Nilimpelekea chai. Alikuwa peke yake, mizani tupu."

"Halafu?"

"Halafu boss Okedi akaenda kumuaga. Akapita hapa getini akienda nyumbani, kumi na mbili na dakika tano. Nakumbuka kwa sababu stima ilipotea tukisalimiana, ikarudi hapo hapo."

"Ukaenda kuangalia mizani tena?"

"Aa, iko nje ya ua. Usiku mimi silindi huko."

Okedi, msimamizi wa yadi, alikuwa amesimama karibu akitikisa kichwa. Mtu mpole, mzee wa kanisa Amagoro. "Pole sana, Apolot," alisema. "Ndugu yako ana hasira za haraka. Mimi nilimwacha marehemu akiandika, na risiti yenyewe inaonyesha alikuwa hai mpaka kumi na mbili na nusu."

Saa tano na robo Apolot aliomba kuiangalia ile kompyuta. Onyuka akasimama mlangoni, lakini mawe yalipoanza kulia kwenye bati la Land Rover, akakimbia huko. Apolot akabaki na damu iliyokauka sakafuni na harufu yake.

Kwa miaka mingi Okedi ndiye aliyerekebisha saa za kompyuta zote kwa mkono, moja moja, kila Jumatatu, akisikiliza mlio wa redio kabla ya taarifa. Hata hivyo hazikupatana. Ijumaa iliyopita, Okedi akiwa Kampala, Apolot alichoka na upuuzi huo. Aliandika mistari michache ili kila mashine, kila inapowaka, iiulize ile kubwa ya ofisi kuu ni saa ngapi, ijirekebishe yenyewe, na iandike ilichorekebisha. Hakupata hata nafasi ya kumwambia bosi.

Alifungua maandishi hayo. Jumatatu jioni kulikuwa na mstari mmoja tu: saa ya mashine, moja na dakika saba. Saa sahihi, kumi na mbili na dakika saba.

Yesu wangu! Saa nzima mbele. Stima iliporudi mashine ilijiwasha yenyewe, karani amelala pale chini, ikajisahihisha bila mtu kuigusa.

Alibonyeza ichapishwe. Printa ikaanza kukereza kwa kelele. Nyuma yake mlango ukafungwa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Okedi.

"Hesabu za mizani, mzee."

"Niletee."

Apolot akampa karatasi. Okedi alisoma ule mstari mara mbili, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akageuza ufunguo.

"Nani mwingine amejua haya?"

Apolot alijua akisema hakuna, hatoki. Akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo: "Afande! Afande Onyuka!"

Mkono ulimfika shingoni. Alikuwa anaona giza wakati Onyuka alipovunja kitasa kwa buti.

"Karatasi iko kwa mfuko wake!" Apolot alikohoa. "Risiti ilitangulia saa nzima. Ekisa alipima kumi na moja na nusu, akaenda. Emukule alikuta mizani tupu na Josiah akiwa mzima. Baada ya hapo aliingia nani? Na hapa nani anajua kubadilisha saa kwa mkono isipokuwa mimi na yeye? Mimi jana nilikuwa nimelazwa na malaria Amukura, daftari la zahanati liko!"

Onyuka aliitoa karatasi mfukoni mwa Okedi, akaisoma, akamtazama. "Ulisogeza saa kabla lori halijapima, ili risiti ikuonyeshe umeshaondoka."

Okedi alikaa kwenye kiti cha marehemu. "Karani alikuwa mchana mzima anaangalia kilo, saa haangalii," alisema taratibu. "Ningeirudisha leo asubuhi. Emukule akawahi."

"Kwa nini, mzee?"

"Malori ya sukari ya kwenda Uganda yalikuwa yanapita hapa tupu. Mzigo unauzwa Kenya bila ushuru, karatasi ndizo zinavuka. Josiah aliona kilo hazipatani na karatasi. Alisema leo anaenda Busia kusema. Nilimsihi, haki ya Mungu nilimsihi. Angenimaliza."

"Na Ekisa?"

Okedi hakumtazama Apolot. "Ilikuwa lazima kuwe na lori la mwisho. Likatokea lake."

Saa sita kasoro dakika kumi walimfungua Ekisa pingu. Umati ulikuwa bado pale, watu wale wale, sasa wakimtaka Okedi. Mmoja akampigapiga Ekisa begani akimpa pole, na mkono wake ulinuka petroli. Ekisa akamshika dada yake, hakumwachia.

"Dada, wangeningoja kweli mpaka saa sita?"

Apolot aliangalia nyuso zile za majirani, za wateja, za watu aliosali nao Jumapili.

"Hapana," akasema. "Twende nyumbani."