Vigoda Havikusimama

Enyi mnaokaa mitaa yenye mwenyekiti msiyemjua hata jina, kaeni mkao wa kusikiliza. Habari hii inawahusu ninyi, na kama itawachoma, basi imefika mahali pake.

Asubuhi za pale Jiwe Pana zilikuwa nzuri. Jiwe lenyewe lilijilaza ufukweni mwa ziwa, pana kama uwanja wa shule, laini, safi, na likishapata jua hukuweza kulikanyaga bila ndala. Hapo ndipo wanawake wa mtaa walipoanika dagaa. Mitumbwi ya karabai iliporudi alfajiri, Getruda alikuwa wa kwanza kushuka na beseni kichwani, akipita kwenye kijia kilichokatiza kati ya nyumba mpaka majini. Aliwamwaga dagaa wake, akawatandaza kwa kiganja taratibu, na jioni aliwazoa wakiwa wakavu, wanang'aa, bila chembe ya mchanga. Wanunuzi kutoka Shinyanga walimwulizia kwa jina. Mumewe, Masalu, alikuwa mfunga kamba kwenye kivuko cha Kamanga na nyumbani alionekana kwa nadra, kwa hiyo nyumba ile ilikula, ikavaa na kumsomesha binti yao Gladness kwa nguvu ya lile jiwe.

Mtaa ulikuwa na umoja wake, Umoja wa Wakazi wa Jiwe Pana. Ulizaliwa mwaka kipindupindu kilipopita, watu wakagundua kwamba hakuna atakayekuja kuwachimbia vyoo. Walichimba vyoo, wakakata mtaro, wakajaza mchanga kwenye kijia cha ziwani kisiteleze wakati wa masika. Kila mwezi walikutana uwanjani kwa mwenyekiti, Mzee Shimba, kila mmoja na kigoda chake. Asiyefika alipewa adhabu ya kubeba ndoo za mchanga wa kijia, na ndoo za mchanga hazina mzaha.

Sasa, kigoda kilianza hivi. Bibi Wilhelmina aliumwa mguu, akaona aibu kukosa kikao, akatuma kigoda chake na ujumbe: nafasi yangu msiijaze, nipo nanyi. Watu walimsifu kwa adabu hiyo, na kwa kweli ilikuwa adabu. Mwezi uliofuata mwingine akawa na mgeni, akatuma kigoda. Mwingine akawa na mzigo wa mitumba. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, kila mtu anakimbia na lake. Aliyetuma kigoda alihesabiwa amefika, na mchanga hakubeba. Haukupita muda, ukikatiza uwanjani siku ya kikao ungedhani seremala ametandaza bidhaa zake. Vigoda vilikuwa vingi kuliko makalio.

Getruda alikuwa na kigoda cha miguu mitatu alichochongewa na baba mkwe wake. Siku za kikao alikipitisha kwa Mzee Shimba akiwa njiani kuelekea ziwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi nawahi jua, kiti changu hicho."

"Marahaba, Mama Gladness. Kiti kimefika, wewe umefika."

Wote wawili walicheka. Aliyekuwa hacheki ni jirani yake Atieno, mama mmoja wa Kijaluo kutoka upande wa Mara, fundi wa kushona nyavu, ambaye hakukosa kikao hata siku moja. Siku moja Atieno alimwambia Getruda kwamba kiti hicho kitakuja kumjibia jambo asilolijua. Getruda alimtania kwamba wanaopenda vikao ni wale wasio na dagaa wa kuanika. Maneno hayo yalikuja kumrudia.

Basi asubuhi moja Getruda aliteremka na beseni lake, akakuta kijia kimezibwa. Nguzo zimesimikwa, seng'enge imevutwa kutoka ukuta wa nyumba hadi mwambani, na kijana mwenye rungu amekaa upande wa pili akitafuna muwa. Kijana akamwambia kwamba ufukwe una mwenyewe sasa, kuna kampuni inakuja kujenga kiwanda cha minofu ya sangara, na njia hakuna. Getruda alisimama pale maji ya dagaa yakimchuruzikia shingoni, haelewi.

Alirudi nyumbani, akawaanika dagaa uani juu ya mkeka. Mawingu yakatanda. Kuku wakaingia. Jioni harufu ilikuwa imefika nyumba ya tatu, na mzigo mzima ukaishia shimoni. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Wanunuzi wa Shinyanga walimpa pole, wakahamia mwalo mwingine wa wavuvi. Bomba la mtaani lilikuwa linakohoa hewa tu, kwa hiyo Gladness akawa anavuka vilima viwili kutafuta maji, akifika shule wenzake wako somo la pili. Masalu aliporudi kutoka Kamanga alitazama chungu, akamtazama mkewe, akauliza kikao kilichokubali mambo haya kilikuwa lini. Swali hilo lilimuuma Getruda kuliko njaa.

Akaenda kwa Mzee Shimba. Alimwamkia kwa adabu zote, maana hasira haiondoi shikamoo, kisha akamwuliza nani aliyeugawa ufukwe.

"Tuliugawa sote," alisema Mzee Shimba. "Na wewe ulikuwepo, mstari wa mbele kabisa."

"Mimi?"

"Kigoda chako. Afisa wa mipango alikuja kikaoni na ramani yake. Akaona viti, akauliza vya nani. Nikamweleza desturi yetu, kwamba kiti ni mtu. Hata kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kiti cha mtemi kinapewa heshima yake na mtemi hayupo. Akaridhika. Kisha akauliza kwa haki kabisa: wanaopinga mpango huu wasimame. Akasimama jirani yako Atieno, na mzee Maige, na wengine wachache. Kigoda chako hakikusimama."

"Mwenyekiti, kigoda kinasimamaje?"

"Hilo ungejiuliza kabla ya kukituma."

Ndugu msomaji, najua unataka kumlaani Shimba. Mlaani kidogo, kwa sababu yule kijana wa rungu alikuwa mpwa wake, na ajira ile haikushuka kutoka mbinguni. Lakini usimmalizie laana zote. Mtu hawezi kuiba uwanjani palipojaa watu. Shimba alikuta uwanja umejaa mbao, akafanya alichofanya, na mbao hazikumsema.

Getruda alikichukua kigoda chake, akaenda moja kwa moja kwa Atieno. Alimkuta amekunja miguu, wavu mapajani. Akasema tu kwamba amesikia mwenzake alisimama kikaoni.

"Nilisimama," alisema Atieno bila kuinua macho. "Nikageuka nyuma nione nani yuko na mimi. Nikakiona hicho kigoda chako. Kimekaa. Nilitamani kukipiga teke mpaka ziwani."

Getruda aliona aibu. Akaanza kuomba radhi, Atieno akamkatisha, akamwambia radhi haiondoi seng'enge. Bikoni za mipaka ya upande uliobaki zinawekwa wiki ijayo, afisa mwenyewe anakuja. Anayetaka ziwa aje asimame.

Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba mchanga. Huyu alisema serikali ikishaamua imeamua. Yule alisema yeye ni mpangaji, ziwa ni la wenye nyumba. Mama mmoja, Justa, alikuwa kwenye cherehani yake. Aliwasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda.

"Chukueni," alisema. "Waambieni tupo pamoja."

Getruda alikitazama kile kigoda, kisha akamtazama mwenye nacho. "Sikuja kuchukua kiti, Justa," alisema. "Nimekuja kukuchukua wewe."

Justa alikasirika, halafu akacheka kwa aibu. Siku ilipofika, cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa na mwenyewe alikuwa njiani.

Siku hiyo afisa alifika na wapimaji wake na vyuma vyao, Mzee Shimba akiwa mbele kama mwenye shughuli. Kwenye kijia walikuta vigoda vya mtaa mzima, vimepinduliwa, miguu juu. Nyuma ya vigoda walikuwa wenye vigoda, wamesimama. Bibi Wilhelmina, yule yule aliyeanzisha mambo, alikuwa katikati, mguu mbovu na yote, ameshikwa mabega na mzee Maige.

Mpwa wa Shimba alitishia kuita polisi. Mtu mmoja akamwambia awaite, maana nao wanakunywa maji ya ziwa hili. Mzee Shimba akatandaza mikono.

"Wazee wangu, mama zangu, kaeni kwanza tuzungumze kistaarabu."

Hakuna aliyekaa. Getruda alisogea mbele ya wenzake, akamwamkia mwenyekiti, akamgeukia afisa.

"Bwana afisa, mlisema wanaopinga wasimame. Sisi ndio hawa. Mara ya kwanza mlihesabu viti vyetu, na kosa hilo ni letu, tuliwatumia viti. Leo tumejileta. Hatukai mpaka mtuhesabu, na mkishatuhesabu bado hatukai mpaka njia ifunguliwe."

Afisa alimwuliza mwenyekiti kama hawa ndio wakazi alioambiwa wameridhia. Shimba alianza habari za desturi, za Bujora, za kiti na mtu. Bibi Wilhelmina akamkata kauli kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake: "Shimba, mimi nilituma kiti kwa sababu ya mguu. Sikukutuma wewe ukikalie."

Jua lilipanda, likawachoma, wakachomeka. Aliyeishiwa nguvu aliegemea jirani, lakini hakuketi. Wapimaji walikaa kivulini na vyuma vyao. Hatimaye afisa alikunja ramani, akasema mbele ya wote kwamba kazi imesimama hadi kikao kipya, na kwamba safari hii atahesabu vichwa.

Kikao kilifanyika, uwanja ukafurika, mpango ukakataliwa. Kampuni ikatakiwa kuhamisha seng'enge yake mbali na maji, Shimba akaondoka kwenye uenyekiti, na Atieno akawekwa mahali pake huku akinung'unika kwamba ana nyavu za watu. Kijia kilipofunguliwa watu walikimbilia majini kwa vigelegele, kama wageni waliolisikia ziwa kwa sifa tu.

Getruda hakupiga kigelegele. Alisimama mahali alipozoea kumwaga dagaa wake. Majuma yale ufukwe ulipokuwa umefungwa, vibarua wa kampuni walikuwa wameshalichoma jiwe kwa moto wa matairi, wakalipasua kwa nyundo wapate kokoto za msingi wa kiwanda. Kilichobaki ni makombo meusi yenye ncha, na kipande kimoja kisichotosha hata beseni moja. Ziwa lilikuwa limerudi. Jiwe Pana halikuwepo tena, ila kwenye jina la mtaa.

Siku hizi anaanika mchangani kama watu wa mialo mingine, na wanunuzi wanalalamika kwamba dagaa wake wanakwaruza meno. Anawajibu kwamba wana haki ya kulalamika. Kikao cha mwezi kikifika anawafunika dagaa, anakwenda. Kigoda anakibeba mwenyewe.

FUNZO LA VIGODA

Ndugu zangu, mambo ya mtaa yana ubaya mmoja: yanaendelea hata usipokuwepo. Njia yako, maji yako, uchochoro wa watoto wako, vyote vitapangwa siku fulani, mahali fulani, na waliohudhuria. Ukichelewa kuamka unaweza kurudishiwa njia, lakini jiwe lililopasuliwa hakuna wa kuliunga. Usitume kiti, usitume salamu, usiseme "mtakaloamua tupo pamoja." Nenda. Uliza. Wakisema wanaopinga wasimame, nawe unapinga, simama hata kama uko peke yako, umtafute wa pili baadaye.

Kigoda kina miguu mitatu na hakijui kusimama. Wewe unayo miwili.