Ukurasa Unaosogea Wenyewe

Asubuhi, banda la kusubiri feri Likoni likiwa limejaa watu, Kuluthum alikuwa akiigombeza simu yake. Buibui jeusi, mtandio wa zambarau, uso kaukunja. Vitabu vyake amevipanga vizuri kwenye maktaba ya kompyuta nyumbani. Kilichomshinda ni kuvisomea njiani; programu ya kusomea aliyoiweka kwenye simu ilikataa kuvifungua.

"Hiyo programu na maktaba ya kompyuta haziivi, dada," alisema kijana pembeni yake, aliyevaa shati jeupe na kunukia udi. "Hata ukiibembeleza vipi. Mimi pia ilinitesa."

"Na wewe ni nani, wakili wake?"

"Yeslam. Nafundisha kemia Changamwe."

Wakajaribu nyingine. Ya kwanza haikuiona maktaba kabisa. Ya pili ilileta vitabu, lakini ikasahau msomaji alipoishia. Ya tatu ilikubali yote. Feri ziliondoka wakaachwa, na hakuna aliyelalamika. Yeslam akaiunganisha maktaba ya Kuluthum na simu yake pia, ahakikishe inafanya kazi.

"Lakini hadithi za mapenzi siziwezi," akaapa. "Hizo ni zenu wanawake."

Wakapendana, kama mlivyokwisha kubaini. Kisha Kuluthum akaanza kuchanganyikiwa. Anaacha hadithi sura ya nne, akiifungua iko ya sita. Anarudi nyuma, kesho yake anaikuta ya tisa. Akadhani programu ni mbovu. Akadhani ni yeye anayesahau. Mwisho akadhani lililo baya zaidi: Yeslam amemfungulia mwanamke mwingine maktaba hiyo. Roho ikamuuma vibaya.

Akapiga simu. "Nani anasoma kitabu changu?"

Hakungoja ajibiwe.

"Ni yule Fairuz wako wa zamani?"

"Fairuz aingiaje hapa?" Yeslam alichanganyikiwa kweli. "Mpenzi, hebu..."

"Usiniite mpenzi." Akakata.

Jioni Yeslam akapiga. "Kulu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Wataka nini?"

"Anayesoma. Ni mimi."

"Muongo. Bibi arusi alikataa nini sura ya tisa?"

"Alikataa kutoka chumbani mpaka babake aombwe radhi. Wallahi nililia."

Kuluthum akakaa kitandani. Hasira ilimwisha, akabaki na haya ya kumdhania mtu vibaya. "Na mbona hukusema mapema?"

"Niliapa mbele yako kuwa hadithi hizi ni za wanawake. Ningesemaje?"

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Haya, mwisho ukoje?"

"Sijui. Sura ya mwisho siigusi mpaka tuisome pamoja, nyumba moja. Nimtume mama kwenu?"

"Ngoja kwanza."

Wiki ile, kila asubuhi aliifungua hadithi. Sura ya mwisho, mstari wa kwanza; ilikuwa palepale, haijasogea hata neno. Naye, ingawa mkono ulimwasha, hakuisoma.

Ijumaa akapiga simu.

"Mwambie mamako aje kesho baada ya alasiri," alisema. "Na wewe bado usisome."