Feni Haikumuua Mtoto wa Chamazi

Maneno yenyewe Munira aliyasikia bombani, siku tano kabla hajajifungua. Mwanamke mmoja alitua ndoo, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akasema:

"Jamani, mmesikia ya Mbande? Kuna mtoto mchanga kauawa na feni. Wamelala naye mzima, asubuhi maiti."

"Feni inauaje mtu?" Munira aliuliza.

"Upepo! Unaingia kifuani, unaleta nimonia. Wewe na tumbo lako hilo, shauri yako."

Munira alicheka, lakini maneno hayakumtoka kichwani. Akichambua mchele, yapo. Akijilaza, yapo. Alijifungua salama mtoto wa kiume, akaitwa Mudathir. Aliporudi naye nyumbani Chamazi, jambo la kwanza alilomwambia mumewe, Salumu, lilikuwa hili:

"Ile feni itoe chumbani. Sitaki kuiona."

Nyumba yao ni ya vyumba viwili. Ukuta wa tofali, juu bati, dari hakuna. Na jua la Februari halina mzaha. Ikifika saa sita, bati linaanza kulia ta, ta, ta, na chumba kinawaka. Hata paka wao hakai ndani. Salumu, ambaye ni fundi pikipiki, akirudi kula mchana anatandika mkeka barazani. Anavua shati, anajipepea kwa kipande cha boksi.

Mama yake Salumu, Bi Chausiku, alikuja kutoka Mkuranga kumlea mkwewe siku zake arobaini. Ni mama wa kazi, na ana upendo. Kila asubuhi alimkanda Munira kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga. Lakini habari ya feni ilipomfikia, alizidisha. Madirisha mawili ya chumba akayafunga. Matundu ya hewa juu ya ukuta akayaziba kwa matambara. Mtoto akamvika fulana, sweta, soksi na kofia ya sufu, kisha akamzungushia blanketi. Na jiko la mkaa, badala ya kukaa uani, likahamia chumbani, ili maji ya kukanda yasipoe njiani na mzazi asipigwe na upepo mlangoni.

"Mama, joto," Munira alisema siku ya tatu.

"Joto lako wewe mtu mzima. Huko tumboni alikotoka kulikuwa na feni?"

Munira alimrekebishia mtoto kofia. Hofu yake mwenyewe ilikuwa upande wa mama mkwe.

Siku ya kumi na nane, saa nane mchana, Mudathir alikataa ziwa. Munira alimweka tena, mtoto akageuza uso. Shingoni alikuwa na vipele vyekundu. Mwili wake ulikuwa wa moto. Hakulia. Alitoa sauti ndogo kama kifaranga, kisha akanyong'onyea mikononi.

"Mama! Mtoto!"

"Kuna upepo unapenya mahali," Bi Chausiku alisema, huku akivuta blanketi. "Mfunike. Na tumpe maji kijiko kimoja, koo limekauka."

Hapo ndipo hodi ilipopigwa mlangoni. Alikuwa Demetria, mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa Kihaya anayekaa nyumba ya tatu. Kazi yake ni kupita kuwaangalia wazazi na watoto wachanga. Alifungua mlango, joto likampiga usoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mungu wangu! Humu mnaoka mkate? Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga mlango, upepo huo."

Demetria hakufunga. Aliingia, akamgusa Mudathir shingoni, akamvua kofia.

"Ameacha kunyonya tangu lini?"

"Asubuhi alivuta kidogo. Sasa hataki kabisa," Munira alisema, machozi yanamtoka.

"Mvue. Sweta, soksi, vyote, abaki na nepi. Baba Mudathir! Inuka hapo, simamisha bajaji! Mtoto wa umri huu akiwa wa moto na kukataa ziwa, hasubiriwi."

"Unamvua kwenye upepo?" Bi Chausiku alifoka. "Nyie Wahaya mnajua kila kitu! Mie nimelea saba!"

"Sawa mama. Tutagombana tukirudi."

Kituo cha afya walimpima damu, wakamsikiliza kifua. Daktari alivua chombo cha kusikilizia masikioni.

"Kifua chake kisafi. Hana nimonia, hana malaria. Amezidiwa na joto, na amepungukiwa maji mwilini. Mngekaa naye hadi jioni, tungekuwa tunaongea mengine."

Wakalazwa. Mudathir alipoanza kunyonya tena, Munira alijilaza na kutazama juu. Feni ilikuwa inazunguka taratibu. Chini yake walilala watoto wachanga wanane na mama zao. Hakuna hata mmoja aliyevaa sweta.

Hasira zikampanda. Alijikasirikia mwenyewe, aliyeyaamini maneno ya bombani kuliko mwili wake uliokuwa ukilowa jasho. Kesho yake Salumu alipoleta uji, Munira hakumwacha salama.

"Baba Mudathir, wewe mchana unakaa barazani. Kwa nini?"

"Ndani kunachoma."

"Kunakuchoma wewe mwanaume mzima, kifua wazi! Mwanao umemwacha ndani, na blanketi, na jiko pembeni! Hukujiuliza?"

Salumu alishika chupa ya uji, akaitazama tu.

"Hukujiuliza," Munira alisema. "Na mie sikujiuliza."

Siku ya pili wakaruhusiwa. Demetria alikuja nyumbani jioni, na ugomvi alioahidi akauleta, ila kwa upole.

"Mama, wale saba uliwalea nyumba gani?"

"Ya udongo, ya makuti. Mkuranga."

"Jiko lilikuwa wapi?"

Bi Chausiku alifikiri. "Nje. Kwenye banda la jiko."

"Basi hukukosea kulea, mama. Nyumba ya udongo na makuti inapumua. Hii ya bati haipumui. Ulezi wa kule umeuleta chini ya bati, halafu mkaziba na pale padogo palipobaki."

Bi Chausiku aliinuka, akavuta stuli. Akapanda juu yake mwenyewe, akaanza kuchomoa matambara kwenye matundu ya hewa.

"Msinitazame, nipokeeni haya," alisema.

Demetria aliwaelekeza mengine. Asubuhi na mapema, na jioni jua likipoa, fungua madirisha yote mawili, hewa iingie huku itokee kule. Mbu watazuiwa na chandarua. Dirisha la magharibi ndilo linalopigwa na jua la alasiri, kwa hiyo likingwe kwa nje, maana pazia la ndani linakuja kuzuia joto ambalo limeshaingia. Salumu alifunga turubai, akaiacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Jumapili alipanda juu na kupaka bati rangi nyeupe, kwa sababu rangi nyeupe inarudisha jua linakotoka. Upande wa magharibi akapanda mipapai miwili ije kutoa kivuli. Jiko likarudi uani, maana Demetria alisema hewa ya mkaa inaua na haionekani.

"Na feni?" Munira aliuliza. Sauti yake bado ilikuwa na woga.

"Iwekeni kona ile, mbali na mtoto, isimpige usoni moja kwa moja. Kazi yake ni kuzungusha hewa ya chumba, na dirisha liwe wazi. Mtoto mvishe kadiri unavyovaa wewe. Ukitaka kujua kama anaona joto, mguse shingo au kifua. Mikono na miguu itakudanganya."

"Maji je? Nimpe?"

"Maji kunywa wewe, tena mengi. Yeye mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mpaka atimize miezi sita, maziwa yako ndiyo chakula chake na ndiyo maji yake."

Baada ya wiki moja, kelele za bati zilipungua. Vipele vya Mudathir vilikauka. Paka alirudi uvunguni mwa kitanda, na Salumu naye akarudisha mkeka ndani. Mchana mmoja Bi Chausiku alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha. Alitazama feni, akakohoa.

"Mkwe, hebu igeuze kidogo na huku."

Munira alicheka mpaka mtoto akaamka.

Arobaini ilipokwisha, alikwenda bombani na Mudathir mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja mgeni, ambaye hakumfahamu, alikuwa anasimulia:

"Hapa hapa Chamazi, kwa yule fundi pikipiki, Salumu. Mtoto wao kauawa na feni. Wamekimbia naye kwenye bajaji, kufika kituoni maiti."

Munira alitoka kwenye foleni, akamsogelea. Akatua ndoo.

"Umemwona wewe huyo mtoto?"

"Kaniambia wifi yangu."

"Na wifi yako kamwona?"

"Sasa dada, mbona unanihoji kama polisi?"

Munira alifungua mbeleko, akamzungusha mtoto mbele. Mudathir alikuwa macho, anatafuna ngumi yake.

"Mie ndiye mke wa Salumu. Maiti yenyewe hii hapa. Mtazameni!"

Mtu mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Makubwa!"

"Feni haikumgusa! Alikaribia kufa kwa sweta, kwa madirisha kufungwa na kwa jiko ndani. Na nilifanya hayo yote kwa sababu ya maneno niliyoyaokota hapa hapa, kwenye bomba hili! Haya, yule wa Mbande, mama yake nani? Mtaa gani? Nani kati yenu kamwona?"

Walitazamana. Maji yalijaa kwenye ndoo ya mtu, yakamwagika, na mwenyewe hakugeuka.

Munira alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini herufi zake zinasomeka. Jioni ile alichukua rangi iliyobaki ya bati na ubao mweusi wa kabati bovu. Akaandika, na Salumu akaupigilia ubao kwenye nguzo ya bomba. Upo mpaka leo, unasema hivi:

SIKU ZA JOTO

Usifunge madirisha yote. Usizibe matundu ya hewa.

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Hewa yake inaua na huioni.

Usimvike mtoto sweta, kofia na blanketi wakati wewe unatoka jasho.

Usiache jua la alasiri lipige dirisha. Likinge kwa nje.

Usielekeze feni usoni kwa mtoto.

Usimpe maji mtoto ambaye hajatimiza miezi sita. Mnyonyeshe.

Usisubiri kesho mtoto mchanga akiwa wa moto na kukataa ziwa. Mpeleke sasa hivi.

Usimuue kwa mdomo mtoto ambaye hujamwona.