Simu ya Gervas Ilipoanza Kusema

"Skola mwanangu, mie si mtu wa maneno, lakini hili limenishinda kulimeza."

Bi Mize, jirani yao wa Kiembe Samaki, hakungoja kukaribishwa. Alivuta kigoda akakaa karibu na kinanda.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Mumeo nimemwona Mtoni leo. Yuko na mwanamke wa buibui, kamshika hapa kwenye kiwiko. Wanakwenda taratibu kama maharusi."

Vidole vya Skola vilisimama juu ya kinanda.

"Una hakika ni Gervas?"

"Macho yangu nnayo, mwanangu." Kisha akajuta. "Nisamehe, sikukusudia."

"Najua hukukusudia."

Skolastika alipofuka kwa surua angali mdogo. Kinanda alikijulia kanisani, na sasa nyimbo zake za injili zilipigwa redioni na kwenye maduka ambayo wenyewe hawakujua mwimbaji haoni. Gervas, dereva wa wageni wa uwanja wa ndege, alipomuoa, mtaa mzima ulimsifu: yule kijana ana moyo. Sasa Skola alikuwa na mimba kubwa, na kila Gervas alipoweka mkono tumboni alisema neno lile lile: "Akizaliwa, mimi nitamtazama nikuhadithie alivyo."

Bi Mize alipoondoka, Skola alimpigia Mansour, mwenye gari anayoendesha Gervas.

"Bwana Mansour, Gervas umemtuma safari ya wapi leo?"

"Safari ipi, dada Skola? Gervas kanirudishia ufunguo tangu Ramadhani. Kaniambia kapata kazi nyengine."

Jioni Gervas aliingia akakwaruza bega kwenye mlango.

"Umechelewa," Skola alisema.

"Wageni wa Nungwi. Njiani foleni tupu."

"Umekula?"

"Nshakula."

Alisema bila kusita, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Gervas akenda kuoga. Simu yake ikatetema kitandani.

Skola hakuwahi kuigusa simu ya mumewe. Siku ile aliigusa, na simu ikasema.

Ilikuwa sauti ile ile ya kike, Kiswahili cha mashine, iliyomsomea yeye simu yake miaka yote. Mtu anayeona haiweki sauti ile. Inasoma kila kitu, inachosha.

"Ujumbe kutoka kwa Nassra," simu ilisoma. "Leo umetembea vizuri kuliko jana. Kesho usiisahau fimbo. Mwambie mkeo, Gervas. Usimfiche zaidi."

Skola alikaa kitandani kwa kishindo. Alikuwa amejiandaa kumsikia hawara. Hili hakuliwazia.

"Skola?" Gervas alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho, Gervas."

Maji yaliendelea kudondoka sakafuni.

"Muda sasa," alisema mwishowe. "Daktari kasema ni presha ya macho, na nimechelewa. Pembeni sioni tena. Kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo."

"Na hilo tundu?"

"Litaziba. Pengine kabla mtoto hajazaliwa."

Skola aliweka mkono tumboni.

"Ukamwambia mwanamke wa Mtoni. Mimi nalala ubavuni mwako, hukuniambia."

"Nassra anafundisha watu kutembea na fimbo. Hapana kitu kati yetu, naapa..."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza kwa nini mimi hukuniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuwa kama wewe."

Neno lilikwisha toka. Gervas alifungua mdomo kulirudisha, halikurudi.

"Kama mimi," Skola alirudia polepole. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanionea huruma."

"Sivyo, Skola."

"Ulinioa au ulinichukua?"

Skola hakungoja jibu. Alimpigia kaka yake wa Fumba aje amchukue.

Huko Fumba simu yake ilimsomea ujumbe kila siku.

"Skola, nisamehe."

"Skola, umekula leo?"

"Skola, nimejaribu kupika wali, umeungua. Nyumba kimya."

Alizifuta jumbe zote. Jumapili hakwenda kanisani. Wanakwaya walimpigia, hakupokea. Kila alipotaka kuimba alijiuliza: hawa wanaonisifu, nao pia moyoni wanashukuru kwamba si wao?

Siku moja mchana ukasikika wito uani.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani?"

"Nassra, wa Mtoni."

Wifi yake alitaka kumfukuza. Skola akasema, "Mwache akae."

Nassra alikaa mkekani.

"Sijaja kumtetea," alisema. "Alilokwambia kanihadithia, na ni neno baya."

"Ni baya."

"Lakini kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza namuuliza anataka nini. Mmoja husema nataka nifike sokoni, mwengine nataka nifike msikitini. Mumeo kasema, nataka kutembea kama mke wangu, hababaiki. Akijigonga ukutani hukaa chini akaweka nyimbo zako mpaka apate nguvu za kuinuka. Mie Muislamu, dada, kanisani sijaingia. Lakini nyimbo zako nshazihifadhi kwa sababu yake."

Skola alitaka kucheka, yakatoka machozi.

"Mbona hayo hakuniambia mimi?"

"Kwako yeye ndiye aliyekuwa mwenye macho. Alidhani hana kitu chengine cha kukupa."

Nassra alipoaga, Skola alibaki mkekani muda mrefu. Kisha akampigia Gervas.

"Njoo Fumba."

"Nakuja sasa hivi," Gervas alijibu. "Nitamwomba Mansour anilete."

"Njoo na gari ya abiria. Peke yako, na fimbo."

"Skola, watu wataniona."

"Mimi wananiona kila siku."

Alifika jua limeshapungua, suruali imerowa mpaka magotini.

"Umeanguka?"

"Kwenye mtaro. Watoto wamenicheka."

"Ukainuka?"

"Nimeinuka."

"Basi kaa."

Alikaa. Skola alimsikia akihema, akamwacha apumue.

"Sijakusamehe," alisema. "Neno lile litanikaa. Lakini sitaki ufundishwe na mtu mwengine jinsi ya kuishi katika nyumba yangu. Nassra anakufundisha fimbo. Mimi nitakufundisha kupika wali usiungue, kumimina chai, kumjua mtu kabla hajasema. Na kuwaacha watu wacheke."

"Nilikuongopea, Skola."

"Uliniongopea."

"Sikukuoa kwa huruma. Nilikusikia unaimba kabla sijakuona. Ila watu waliposifu moyo wangu, nilikubali sifa. Nikazizoea."

Skola alinyoosha kiwiko. Gervas alikitafuta hewani mpaka akakipata.

Mtoto alizaliwa wakati wa masika, mchana, mvua inagonga mabati ya hospitali. Tundu la ufunguo lilikuwa limeshaziba. Muuguzi alimweka mtoto mikononi mwa baba yake.

"Hongera. Ni wa kike."

Gervas aliinamisha uso juu ya mtoto, akaugeuza kwenye dirisha, akauinamisha tena.

"Skola, sioni kitu."

"Najua."

"Nilikuahidi nitamtazama nikuhadithie."

"Nyamaza kidogo. Analia."

Skola alisikiliza kama alivyowasikiliza waimbaji wapya wa kwaya, kichwa amekilaza upande mmoja.

"Nitakuhadithia mimi," alisema. "Sauti yake nzito. Hiyo kaichukua kwako. Anakata pumzi katikati, halafu anaanza upya kwa hasira; huyo ni mama yangu mtupu. Hataki kubembelezwa. Kilio chake kinapanda juu, hakitetemeki."

Machozi ya Gervas yalidondokea kwenye khanga ya mtoto.

"Endelea," alisema.

Akamsogeza mtoto karibu na mama yake, na Skola akaendelea kumhadithia.