Picha Iliyofunguka Kabla ya Kuitwa

Mpiga picha alikuwa hajabonyeza kitu, picha ikafunguka yenyewe.

Alicheka. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, diski yake ikikwaruza kama kuku anayeparua, na wateja walizoea kusinzia kitini wakisubiri picha za vitambulisho. Ndiyo maana jana yake fundi wa kompyuta alimwekea programu ya kuiongezea kasi.

"Dada, picha unazoziita mara kwa mara inazisogeza karibu," fundi alimweleza. "Diski haihangaiki tena. Ukiita tu, hii hapa."

"Na nisipoita?"

"Itabahatisha unachotaka. Itakuzoea tu."

Sasa diski ilikuwa kimya kabisa, na studio ilinuka udongo mbichi ingawa mvua haikuwa imenyesha. Picha yenyewe ilikuwa ya muuza viatu wa jirani, imekuzwa na kuzungushiwa ukingo mweusi, ule ambao mpiga picha huuweka kwa marehemu tu. Muuza viatu alikuwa nje, mzima wa afya, anabishana na mteja. Mpiga picha akaifunga, akajilaumu kwa haraka zake.

Kesho yake mke wa muuza viatu aliingia macho yamevimba. Alitaka picha ya mumewe, kubwa, yenye ukingo.

Wiki hiyohiyo ikafunguka yenyewe picha ya mwalimu wa hesabu. Naye akafa.

Ya tatu ilikuwa ya bintiye mwenyewe, mtoto wa miaka tisa aliyebandikwa jina la Shangazi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha wakubwa. Wakati huo alikuwa nyuma ya pazia, anakata mabaki ya karatasi. Mpiga picha aliifunga picha. Baada ya dakika kumi akaifungua, aone kama ukingo bado upo. Ulikuwepo.

Pazia likasogea. "Mama, umeniita?"

"Sijakuita, mwanangu. Rudi ukacheze."

Alivumilia kidogo, akatazama tena. "Mama, umeniita?" Safari hii midomo ya mtoto ilikuwa imepauka. Kufikia jioni alikuwa ametazama mara ishirini, na mara ishirini mtoto alikuja, kila mara akiwahi zaidi, kila mara mikono yake ikiwa baridi zaidi.

Asubuhi alimpeleka kwa bibi yake, mwisho wa mji. Fundi akaitoa programu, hakuthubutu hata kuketi. Kisha akaja mganga, akafukiza, akasoma kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtiririka, na ile harufu ikaisha. Diski ikaanza kukwaruza. Mpiga picha alilia kwa furaha kuusikia ule ukwaruzaji uliokuwa ukimkera miaka yote.

"Nisikilize, mama," mganga alinong'ona mlangoni. "Huyu aliyeingia humo ndani hachagui watu. Anasikiliza unachokiita, ndicho anachokusogezea. Usiiite tena picha ya mtoto. Hata mara moja."

"Siiiti, mzee. Nakuapia."

Mchana bibi alipiga simu. Shangazi alikuwa amekula vizuri, na sasa anawaamrisha majirani wahamishe mbuzi. Mpiga picha alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Akarudi kazini, akakata picha mbili tatu, lakini roho haikutulia, akawaza kwamba pengine ukingo umefutika, na kama umefutika basi atalala usingizi, na kama haujafutika basi ni lazima ajue mapema amrudishe mganga, na kutazama mara moja tu, haraka haraka, bila kutamka jina la mtoto, bila hata kulifikiria, hakuwezi kuwa ni kuita, na alipokuwa bado anajibishana hivyo moyoni kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Diski ilikwaruza. Ikakwaruza. Ikanyamaza.

Picha ikajaa kwenye kioo, na ukingo wake ulikuwa mweusi, mnene kuliko wote aliowahi kuuweka kwa mkono wake. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni.

Mezani simu ikaanza kuita. Ilikuwa ya bibi.

Mpiga picha hakuipokea. Alikuwa ameligeukia pazia, lililokuwa likisogezwa taratibu na vidole vidogo vyeupe.

"Mama," sauti ikasema, "umeniita?"